Mstari Usiotiwa Mbolea

Mambo haya yote yaligharimu mashina mia sita na arobaini na mawili ya chai iliyokuwa ikichunwa, vipimo vya misimu mitatu, na ng'ombe mtamba mmoja aliyeuzwa ili miche inunuliwe. Mashina niliyahesabu mara mbili: mara ya kwanza yakiwa yamesimama, mara ya pili yakiwa yamelala, mizizi ikitazama juu. Ukiondoa vipimo, gharama hiyo haikulipwa na kituo chetu cha utafiti, wala haikutoka mfukoni mwangu. Ilimwangukia mjane mmoja wa upande wa Sosiot, Kericho, anayeitwa Taprandich, ambaye jina lake halikuwa hata kwenye karatasi zetu.

Siku mliyoniaga, wenzangu, mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi linafanya kazi. Saa bado sijaielewa. Mtu ameambiwa aende nyumbani akapumzike, halafu anapewa chombo cha kumwambia amechelewa. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili walioajiriwa juzi wasirudie makosa yetu. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa viwili tu na cha pili kilinikuta nimeshaanza kuvaa miwani. Mshahara mnaujua, maana ni huo huo wenu. Nitaandika juu ya vyombo, aliyenifundisha kuvitumia, na mstari mmoja wa chai ambao ulinipita mbele ya macho miaka mitatu.

Mama yangu aliletwa Chepseon na wazazi wake kutoka Nyeri akiwa amebebwa mgongoni, akazeekea hapo hapo akiuza viazi na vitunguu. Pesa alizihesabu mara mbili, mara moja mbele ya mteja na mara nyingine mteja akishapiga kona. Watoto wake hakuwahesabu hata mara moja. Ukimuuliza ana wangapi, anajibu, "Wale Mungu alinipa." Kwetu watoto hawahesabiwi, mtu akilazimika sana, akifika kumi atasema tisa iliyojaa. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kuna vitu vya kuhesabiwa na vitu vya kuachwa, na kwamba mtu asiyejua tofauti yake atapata hasara hata akiwa na hesabu safi.

Nilisikia sokoni kwamba kituo kinatafuta karani wa kupima majani chai. Nikaenda na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kimekunjwa ndani ya kitambaa. Aliyenipokea hakuangalia cheti. Alikuwa Mzee Maritim, msimamizi wa mashamba ya majaribio, Mkipsigis mrefu wa maneno machache, mwenye koti la mvua ambalo nadhani aliajiriwa nalo.

"Umefanya kazi gani?"

"Kuuza viazi, Chepseon."

"Kwa debe ama kwa mizani?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi unajua vile mizani inadanganywa."

Nikakaza fundo la kitambaa changu. Mtu anayetafuta kazi hajibu neno kama hilo.

"Usiogope," akasema. "Hapa ninao watatu waliosoma kuliko wewe. Hakuna hata mmoja anajua kuidanganya. Sasa nani atajua ikidanganywa?"

Nikaajiriwa asubuhi hiyo hiyo, na mpaka leo sina hakika kama nilisifiwa au nilitukanwa.

Alinifundisha kwa kunionyesha kitu mara moja tu. Mizani inaning'inizwa kwenye nguzo tatu, haishikwi na mtu, kwa sababu mizani ikishikwa kwa mkono inausikiliza mkono. Gunia linapimwa likiwa tupu, na linapimwa tena likilowa, maana gunia lililolowa umande lina kilo ambazo hakuna mti uliozizaa. Majani ya saa moja asubuhi si sawa na majani ya saa nne. Ufito, ule mti mnyoofu unaolazwa juu ya chai ili wachumaji wasiteremke chini ya meza, yaani usawa wa juu wa chai, lazima ukaguliwe kila wiki, kwa sababu ufito ukipinda na chai itapinda kuufuata. Na kila ploti ichunwe na mikono ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mikono haifanani. Baada ya mwezi mmoja wakulima walikuwa wamenibatiza Chepkilo, yaani binti wa kilo. Wambui, jina langu la nyumbani, likabaki kwa mama yangu na kwa karani wa mishahara.

Mwaka wangu wa kwanza tulitumwa nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya maisha. Wakubwa walitaka kujua umaskini uko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Fomu ilikuwa na swali: una ng'ombe wangapi? Nikamuuliza mzee mmoja karibu na Kabianga.

"Wako," akasema.

"Ni wangapi, mzee?"

"Si nimekwambia wako."

"Wawili? Watatu?"

"Wewe, msichana, unataka kuwanunua ama kuwaroga?"

Niliporudi na fomu iliyojaa nafasi tupu, Mzee Maritim hakunikemea. Alisema, "Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Uliza maziwa. Uliza jana yaliuzwa mangapi, na watoto walikunywa na nini. Ng'ombe wenyewe watajitokeza." Kuanzia hapo nikawa naingia jikoni kabla ya kwenda zizini, na fomu zangu zikawa zinajaa. Nilidhani nimeshajifunza somo. Kumbe nilijifunza la ng'ombe tu.

Sasa nije kwenye jaribio lenyewe. Wakati huo Mzee Maritim alikuwa amestaafu na koti lake. Bosi wetu alikuwa mtaalamu wa udongo ambaye sote tulimwita Daktari, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtoto wa mkulima mdogo, na alijua kwa mwili wake kitu ambacho wengine walikisoma: mkulima mwenye chai kidogo huchukua mbolea kwa mkopo, inakatwa kwenye malipo yake, na bonasi ya mwisho wa mwaka ikifika nyumbani imeshakonda kama mgonjwa. Daktari alitaka kupata aina ya chai inayoweza kuzaa vizuri kwa mbolea kidogo. Alikuwa akisema, "Tukiipata hiyo, tumempandisha maskini mshahara bila kumwomba mtu yeyote ruhusa." Sikuwahi kumsikia akisema neno zuri zaidi, na bado naliamini.

Tulichagua shamba la Mzee Bett, kando ya barabara ya Sosiot. Alikuwa ameshapanda aina mpya tuliyotaka kuijaribu miaka kadhaa nyuma, nayo ilikuwa imekomaa. Kwenye ripoti tuliandika sababu nyingi za kumchagua. Ukweli ni kwamba lango lake lilikuwa pana na gari letu halikupenda matope. Tukagawa sehemu ya chai yake mistari minne mipana. Wa kwanza ungepewa mbolea kamili, wa pili nusu, wa tatu robo. Wa nne, uliokuwa langoni kabisa, haungetiwa kitu. Huo tuliuita shahidi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutuambia ile mingine imefaidika kiasi gani.

Tulimweleza Mzee Bett sebuleni, taratibu, na akaelewa vizuri sana. Mke wake, Mama Chebet, alituletea chai na viazi vitamu akarudi jikoni. Hakuna aliyemweleza kitu. Mchunaji wa mistari ile alikuwa yeye.

Msimu wa kwanza, shahidi alishuka kidogo halafu akasimama. Msimu wa pili alikuwa ubavuni mwa mstari wa mbolea kamili, kijani kile kile. Nilipoziona kilo zile nilishuku mizani kwanza. Nikakopa mawe ya kupimia ya muuza nyama mmoja na kuijaribu, ilikuwa sawa. Nikabadilisha magunia. Nikakaa siku nzima kando ya Mama Chebet kuona kama anachanganya majani ya mstari mmoja na mwingine. Hakuchanganya, mikono yake ilikuwa safi kuliko mwandiko wangu. Nikajumlisha upya kuanzia juu kwenda chini, halafu kuanzia chini kwenda juu. Kilo zilikuwa za kweli. Nawaambia hili ili mjue kwamba hesabu haikukosewa mahali popote.

Daktari aliposoma kilo hizo aliweka daftari chini. "Haihitaji mbolea," akasema. "Haihitaji kabisa." Akaanza siku hiyo kuandika kijitabu cha wakulima, ingawa alisema kitasubiri msimu wa tatu.

Mimi sikusubiri.

Taprandich alikaa nyuma ya shamba la Bett, chini ng'ambo ya kijito, mahali ambapo gari haliwezi kufika na nguo inayoanikwa asubuhi inabaki mbichi hadi jioni. Nilikuwa nikinunua kwake maharagwe na maziwa kila nikienda kupima. Mumewe alikuwa amefariki, na chai yake ya zamani, iliyopandwa kwa mbegu, ndiyo iliyolipa karo ya watoto. Tulipatana bei kila wiki kama watu wanaochukiana. Nikitaja bei yangu alikuwa akimwita ng'ombe wake aje asikie matusi. Nikiondoka alinitilia gorogoro, lile kopo la kupimia, likamwagika, akisema hiyo ya juu ni ya mama yangu, mimi nisiionje. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu niliyependa kumtembelea kumzidi.

Siku moja alikuwa akilalamika kwamba mkopo wa mbolea umemla tena. Nikaangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku.

"Taprandich, nikikwambia kitu utanyamaza?"

"Kinauzwa pesa ngapi?"

"Bure."

"Basi kitakuwa kibaya."

Nikamwambia. Kwamba chai ya Bett pale langoni haili kitu na inazaa kama inayokula. Kwamba kijitabu kitatoka mwakani, na kikitoka miche itapanda bei.

Aliacha kuchambua maharagwe. "Wewe umeona mwenyewe?"

"Nimepima mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Unanijua. Mara mbili."

Aliuza mtamba. Nilimsindikiza mimi hadi kwenye kitalu cha miche na nikapigania bei mpaka mwenye kitalu akavua kofia. Nilirudi nyumbani nikijivuna. Majirani zake walikuja na majembe na panga, kikundi chao cha kusaidiana kwa zamu, wakang'oa chai ya zamani kwa siku mbili. Yalikuwa mashina makubwa, mengine shina lake likiwa nene kuliko paja. Akapanda miche mipya, na kwa kuwa niliagiza hivyo, hakuitia mbolea hata kiganja.

Msimu wa tatu shahidi alizaa vizuri tena. Mwisho wa mwaka huo Chebet, binti wa Mzee Bett, akaolewa, nami nikala pilau langoni nikiwa nimeipa mgongo chai ile.

Msimu wa nne, ambao Daktari aliutaka kwa uhakika tu, mvua ziliponyesha nikakuta shahidi amegeuka manjano. Hakuwa na ugonjwa. Machipukizi yalikuwa madogo na magumu. Kilo zilianguka kama mtu aliyekanyaga utelezi. Nikamtafuta Mama Chebet, nikamkuta akichuna mstari wa pili, kikapu mgongoni.

"Mama Chebet, huu mstari wa langoni umepatwa na nini?"

"Haujapatwa na kitu. Una njaa tu."

"Lakini hata miaka ile haukuwa unakula."

Akacheka mpaka akakishika kikapu. "Nani alikwambia haukuwa unakula? Mimi si ndiye nilikuwa naulisha? Mzee akienda Sosiot, mimi natoa karai mbili za mbolea kwa yale magunia ya chai yetu ya huko nyuma. Kila mwezi."

"Kwa nini, mama?"

"Chepkilo, una binti?"

"Ninaye."

"Sasa wakwe wakija kwako koito, kuzungumza mahari, wapite langoni wakute chai ya manjano. Watasema nini? Watasema hii ni nyumba ya wavivu, mbolea waliuza wakakula. Wataanza kupunguza ng'ombe kabla ya kukaa kwenye kiti. Walikuja hapa mara nne katika hiyo miaka mitatu. Kila wakija, chai yangu iko kijani."

"Na hukuniambia."

"Uliniuliza lini? Wewe ukifika ni 'Chamgei, mama,' halafu unainamia kilo zako. Nilidhani hata huo mstari mliusahau, nikawahurumia."

"Na sasa?"

"Sasa ameolewa. Nimwage mbolea ya mkopo kwa nini?"

Hakuwa na kosa. Mimi ni mtu wa mapatano, na ninawaheshimu watu wanaojua kwamba bei ya kitu huanza langoni. Kama ningekuwa mama yake Chebet ningefanya hivyo hivyo, pengine karai tatu.

Nilirudi kituoni nikamwekea Daktari daftari mezani. Kijitabu kilikuwa tayari kwenda kuchapwa. Picha ya jalada ilikuwa ile chai ya langoni. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia amesema mwenyewe, karai mbili kila mwezi. Kisha akauliza, "Ni nani mwingine anajua?"

Sokoni swali hilo huwa ni mwanzo wa bei. Nikanyamaza nione atataja ngapi. Nawaambia haya si kwa kumsengenya, bali kwa sababu nanyi mtalisikia swali hilo siku moja, na pengine mtaliuliza. Alichukua kalamu. Halafu akafungua ukurasa wa kwanza wa kijitabu akapiga mstari kuanzia pembe hadi pembe, na wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Misimu mitatu. Alipomaliza uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka msibani.

"Tushukuru Mungu," akasema, "hakuna mkulima aliyepanda kwa kufuata haya."

"Yuko mmoja," nikasema.

Nikamweleza hilo pia.

Kesho yake niliteremka kwa Taprandich. Miche yake ilikuwa na zaidi ya mwaka na nusu. Nilikuwa nimeiona ikidhoofika, nikajiambia inatafuta mizizi. Mtu akiamini hesabu yake hukosa macho. Kiangazi cha mwanzo wa mwaka kilikuwa kimeua karibu nusu. Iliyobaki ilikuwa na urefu wa magoti, manjano, yenye maua. Mnajua chai changa ikitoa maua inasema nini: inakufa njaa.

Alinikaribisha ndani. Akanipa chai. Majani aliyatoa kwenye paketi ya dukani, ya shilingi kumi. Ndani ya Kericho, nchi ya chai, kwa mtu aliyekuwa na mashina zaidi ya mia sita.

Nikamwambia yote, la mbolea, la koito, la kijitabu. Nilipomaliza alikaa akiukunja mkono wa sweta.

"Ulihesabu?" akauliza.

"Nilihesabu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na Mama Chebet, ulimuuliza mara ngapi?"

Alichukua kikombe changu, ambacho kilikuwa bado kimejaa, akakipeleka jikoni. Nikaelewa kwamba nimeagwa.

Kituo hakikuwa na njia ya kumlipa. Daktari aliwaandikia wakubwa barua mbili. Zote zilirudi na jibu moja, kwamba mkulima huyo hakuwa katika jaribio. Ni kweli, hakuwa. Alikuwa amesikia tu. Mimi nilimpelekea magunia mawili ya mbolea niliyonunua mwenyewe. Aliyarudisha siku ya pili kwa boda boda, na nauli akailipa yeye, ili nisije nikasema nilimsaidia hata hiyo. Alifungua zizi akauza ng'ombe waliobaki, akawa anaenda kuchuna chai ya watu kwa kilo. Mtoto wake mmoja aliacha shule. Sitawaambia ni wa ngapi.

Jaribio tulilianza upya, na hapo ndipo kazi yetu ilipopata akili. Shahidi tulimweka katikati ya shamba, mbali na lango. Tulikaa jikoni na wachumaji kabla ya kukaa sebuleni na wenye hati za shamba. Tulimwambia Mama Chebet mstari wenye njaa unafanya kazi gani, na kituo kikakubali kumfidia majani ambayo haungezaa. Tangu hapo aliulinda kuliko sisi. Aliwahi kumfukuza shemeji yake aliyetaka kuumwagia samadi. Matokeo yalikuja polepole na hayakuwa ya kupigiwa picha. Ile aina mpya inahitaji mbolea kama zingine. Lakini tuliona kwamba mwaka wa kukata chai ili ichipue upya, matawi yakiachwa yaoze pale pale badala ya kubebwa kuwa kuni, na mbolea ikigawanywa ikatiwa mara mbili udongo ukiwa na maji, mkulima anaweza kupunguza mkopo wake bila kupunguza majani. Jambo dogo. Linahitaji tu apate kuni kwingine, kwa hiyo tukagawa na miche ya miti ya kuni. Nimeona nyumba ambazo bonasi ilifika ikiwa bado na nyama mwilini, na nimekaa kwenye nyumba hizo nikanywa mursik, maziwa yao ya kibuyu, bila kuona aibu. Utafiti unaweza kumtoa mtu kwenye umaskini. Nimepima, najua.

Ila nyumba hizo nyingi zilikuwa kando ya barabara.

Miaka hiyo yote Taprandich alinisalimia kanisani kwa mkono bila jina. Mwezi uliopita, siku chache kabla hamjaniaga, alikuja kituoni kwa miguu, akamwambia askari wa lango anamtafuta Chepkilo. Ni kogo sasa, nyanya mwenye wajukuu, na nywele zake ni nyeupe. Hakukaa.

"Nasikia mnatafuta mashamba ya jaribio jipya," akasema. "Na mbolea ni yenu."

"Ndiyo."

"Wekeni kwangu. Miche mia mbili na kumi haikufa. Nimeihesabu."

"Kogo, kule gari halifiki."

"Mimi nimefika hapa bila gari. Chepkilo, nisikilize. Kwa Bett mlileta mizani. Kwangu mlileta maneno. Sasa leteni na mizani, hata kama ni mara moja, nijue shamba langu linasema nini lenyewe."

Nikamwambia nitajaribu. Akaniuliza kama kujaribu ndiko kuhesabu ama ndiko kusema tu, na akaondoka kabla sijajibu.

Basi wenzangu, ninaandika nikiwa na fomu ya kuomba kujiunga na jaribio hilo hapa mezani. Nimejaza jina lake, kijiji, ukubwa wa shamba, idadi ya miche. Swali la kumi na moja linauliza mkulima ameuza kilo ngapi kiwandani kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita, na chini yake imeandikwa kwamba asiye na rekodi hatafikiriwa. Nambari yake ya mkulima ilifungwa zamani, kwa sababu baada ya kung'oa hakuwa na cha kupeleka. Nikiandika sifuri mara tatu, fomu itatupwa na karani kabla haijafika kwenu, na karani hatakuwa amekosea. Nikiandika sababu, sababu ni sisi, na nafasi mliyoacha ni ya tarakimu nne. Sahihi yangu haina nguvu tena hapo, zenu zinazo. Fomu zinapokelewa mpaka Ijumaa. Niambieni kabla ya hapo, kwa simu au mje nyumbani, chai ipo: hapo kwenye swali la kumi na moja, niandike nini?